Viti vya Pweza Wanazaa Lini?

Kiti cha pweza hana kichwa, kwa hiyo haumwi kichwa. Aliyeumwa kichwa mwaka ule mzima ni Rula, naye alikuwa nacho kimoja tu, kimejaa hesabu zisizosikilizana.

Hilo la Rula si jina alilopewa na wazazi. Alilipata utotoni kwa kupima kila kilichokaa mbele yake, kuanzia mkia wa paka hadi kipande cha mkate, ili ahakikishe dada yake hakumpunja. Ukubwani akapata watu wa kumlipa kwa upuuzi uleule. Maabara ya viumbe vya bahari, jengo la ghorofa moja lililonuka chumvi na spiriti, ilimwajiri achunguze viti vya pweza wa ghuba, wale wanyama wa mikono mitano wanaotambaa juu ya miamba kama watu wasio na haraka ya kwenda kokote. Maabara ilitaka kujua wako wangapi wakubwa, wangapi wadogo, na wanazaa lini. Maswali mepesi kabisa, ukiyasikia ukiwa umekaa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kila mwezi, siku maji yanapokupwa sana, Rula na dereva wa maabara walikwenda kwenye miamba ya upande wa kusini. Rula aliokota, akapima urefu wa mikono, wengi akawarudisha majini, wachache akawatia kwenye ndoo. Dereva hakuokota. Alikaa kwenye kivuli cha gari akisema mkataba wake umetaja usukani, haukutaja wadudu. Kisha ndoo ilipandishwa nyuma ya gari, jua likiwaka, wakarudi kwa barabara yenye mashimo ya kumng'oa mtu meno. Maabarani Rula alimwaga maji ya ndoo, ambayo mara nyingine yalikuwa yamechafuka, akawasuuza wanyama wake, akawapasua mmoja mmoja na kuweka mizani kazini.

Maana ndani ya kila mkono wa kiti cha pweza mna tezi za uzazi. Zikivimba, mnyama yuko tayari. Zikinywea, ameshamaliza. Na kuzaa kwao ni kumwaga tu: majike mayai, madume mbegu, vyote baharini, vikutane vyenyewe huko vinakojua. Hakuna kuposana, hakuna kulea, hakuna wa kuamka kumnyamazisha mtoto. Rula, ambaye hakuwa na mume wala mtoto na alikuwa amechoka kuulizwa, aliwaona ni viumbe wenye akili sana kwa watu wasio na kichwa.

Taabu ilianza mwezi wa joto ulipoingia. Mwezi uliotangulia tezi zilikuwa zimejaa vizuri. Sasa alipowapasua, mikono ilikuwa mitupu, imenywea kama mifuko ya mwisho wa mwezi. Basi wamezaa hapo katikati. Hata mtoto wa darasa la kwanza angesema hivyo. Lakini Rula alipoburuta wavu wake wenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai, akayaweka maji chini ya hadubini, hakuona kiluwiluwi, yaani mtoto mchanga anayeelea, hata mmoja wa kiti cha pweza. Akarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Patupu. Wazazi wamejifungua, watoto hawapo, na hakuna jirani aliyesikia kilio.

Halafu kulikuwa na suala la ukubwa. Wakubwa walikuwapo, wadogo walikuwapo, wa makamo hawaonekani. Ilikuwa kama kuingia nyumba ukawakuta mabibi na wajukuu, na ukiuliza wazazi wako wapi kila mtu anatazama dari. Rula akajipa moyo kwamba angalau wale wadogo ni watoto wa mwaka jana. Kisha akasahau kumlisha mmoja mkubwa aliyekuwa tangini, na alipomkumbuka akampima, akakuta amepungua. Si unene tu. Mikono yenyewe ilikuwa imefupika. Kumbe kiti cha pweza akikosa chakula hujila kidogo kidogo na kuwa mdogo. Sasa yule mdogo wa kwenye mwamba ni mtoto, au ni babu mwenye njaa? Siku hiyo Rula aliiweka rula mezani akashika tama.

Na kama vile haitoshi, kulikuwa na wale wakaidi. Siku ileile ya mwezi wa joto ndoo ilikuwa imejaa, na Rula akawatia wachache waliobaki kwenye sanduku la barafu la dereva, wakalala juu ya soda zake. Dereva alinuna njia nzima na soda hazikunywewa. Wale wachache, walipopasuliwa, walikuwa wamejaa hadi ngozi inataka kuchanika. Mwamba mmoja, siku moja, wengine tupu na wengine wamejaa. Rula aliwapeleka kwa mkuu wa maabara kwenye sinia, kama mtu anayepeleka chakula kilichoungua kwa mpishi.

Mkuu wa maabara alikuwa mtu mpole aliyependa kila jambo liishe kabla ya saa ya chai.

"Hawa je?" aliuliza Rula. "Na wale viluwiluwi wako wapi?"

"Viluwiluwi wamechukuliwa na mkondo. Bahari ni kubwa, bibie." Akawatazama wale wa kwenye sinia. "Na hawa, kila ukoo una wakaidi wake. Waweke pembeni."

Rula akawaweka pembeni. Jibu lile halikumtuliza hata kidogo, ila lilimpa ruhusa ya kulala.

*

Sasa, Rula alikuwa na dada. Dada Mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na hakuiacha kazi hiyo hata mlelewa alipoanza kuota mvi. Alikuwa ameacha kazi ya mapokezi, kazi ya kiti cha kuzunguka na kiyoyozi, akaenda kufuga chaza upande wa kaskazini wa ghuba ileile. Alijenga chelezo, jukwaa la mbao linaloelea, akaning'iniza kamba, na kwenye kamba akapandikiza chaza. Ndugu walimcheka kwa zamu. Yeye akajifunga kibwebwe.

Mavuno yake ya kwanza yaliliwa na viti vya pweza. Viluwiluwi walikuja na maji, hata macho hayawaoni, wakatua kwenye kamba, wakakua humo humo. Kiti cha pweza humkumbatia chaza, humvuta taratibu mpaka gamba lifunguke ufa, kisha hutoa tumbo lake mwenyewe akaliingiza ndani na kumla chaza kwenye nyumba yake. Wageni wa namna hii kila familia inao, lakini wa Dada Mkubwa walikuwa maelfu. Alipovuta kamba zake zilipanda na magamba matupu. Alilia siku nzima, kisha akaanza upya, na mwaka huu kamba mpya zilikuwa na chaza wadogo kama kucha. Zikiliwa na hizi, hakungekuwa na za tatu. Alilisema mwenyewe, bila machozi: zikiliwa na hizi, narudi kwenye kiti cha kuzunguka, kama watanipokea.

Ndipo alipokuja jikoni kwa Rula, akavuta kigoda.

"Msomi wetu," alisema, "nina swali moja tu. Wanazaa lini? Chini ya chelezo langu wamejaa wakubwa. Nataka kuwaokota kabla hawajanijazia watoto."

Rula alifuta mikono. Hili alilijua. Alilijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani.

"Usiwaguse wakiwa wamejaa," alisema. "Kiti cha pweza aliyejaa ukimsumbua, ukimtia joto, anamwaga palepale. Na mmoja akimwaga, wenzake wakionja yale maji wanamwaga wote. Utakuwa mkunga wao bila kutaka."

"Toba. Sasa?"

"Subiri mwezi wa joto uingie. Niliwapima mwaka jana mwezi huo, walikuwa wameshamaliza, wako tupu. Hapo waokote hata kwa koleo."

"Una hakika?"

Mbele ya Rula walipita wale wakaidi kwenye sinia, na wavu usio na kitu, na babu mwenye njaa.

"Vipimo vinasema hivyo."

"Sikuulizi vipimo, mdogo wangu. Nakuuliza wewe."

Mtu anaweza kuchanganyikiwa mwaka mzima mbele ya mkuu wake, analipwa kwa hilo. Lakini mbele ya dada aliyemfundisha kufunga viatu, aliyesema kwenye kila harusi na kila msiba kwamba mdogo wangu ni mtafiti, Rula aliona haya. Na tena ilikuwa tamu, mara moja maishani, kuwa ndiye anayejua.

"Nina hakika," alisema.

Dada Mkubwa akasimama, uso umemfunguka, akaenda kumtangazia mumewe. Shemeji alikuwa mtu wa mizaha. "Huyu mdogo wako," alisema, "akikwambia jua linachomoza uvunguni, tutahamisha kitanda." Lakini naye alinunua miwani ya kuzamia.

*

Mwezi wa joto ulipoingia, Dada Mkubwa alimwita Rula aje kuona. Rula alifika asubuhi kwa kimashua cha kukodi, akapanda chelezo, akakuta kazi, iliyoanza wiki moja nyuma, imepamba moto. Shemeji alikuwa akizama na kuibuka na nyavu zilizojaa viti vya pweza, na Dada Mkubwa akiwapokea na kuwatupa kwenye beseni kubwa la plastiki lenye maji ya bahari, lililokaa katikati ya chelezo juani. Jioni walipelekwa nchi kavu kukaushwa. Pembeni, kamba mpya zilining'inia majini mstari kwa mstari, na Dada Mkubwa alivuta moja juu kwanza, kabla hata ya kumsalimu mdogo wake vizuri.

"Ona. Ona walivyoshika."

Chaza walikuwa wametulia kwenye kamba, wadogo, safi, wamefunga midomo. Rula alifurahi kwa dhati. Akageuka kutazama beseni, kwa mazoea ya kazi tu, akijiuliza kama amekuja na rula.

Viti vya pweza walikuwa wamesimama.

Hakuna neno jingine. Walikuwa wamejiinua juu ya ncha za mikono yao, miili imenyanyuka, wote kwa pamoja, kama watu wanaochungulia juu ya ukuta. Kutoka kwa mmoja ulikuwa unatoka uzi mweupe, mwembamba, unapinda na kusambaa. Kwa mwingine zilitoka chembe za rangi ya chungwa, zinadondoka taratibu. Kisha kwa mwingine, na mwingine. Maji ya beseni yalikuwa yameanza kuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Rula alijua anachokiona. Kilichomchanganya ni kwamba alikuwa ameyaona maji hayo kabla. Alisimama akijaribu kukumbuka ni wapi, na kumbukumbu ilikuja polepole, kama mtu asiyetaka kuja: nyuma ya gari, kwenye ndoo, mwezi kama huu. Alikuwa ameyaita machafu. Alidhani ni ute, maana kiti cha pweza akishikwashikwa hutoa ute. Alikuwa ameyamwaga kwenye sinki la maabara kwa mkono wake, akawasuuza wanyama wake vizuri, na ndipo akawapasua kuona kama wamezaa.

Bila shaka walikuwa wamezaa. Walikuwa wamezaa ndani ya ndoo yake, njiani, wakirushwarushwa na mashimo, maji yakipata moto. Wale waliolala kwenye barafu juu ya soda hawakuzaa kwa sababu hakuna aliyewatia joto. Wale hawakuwa wakaidi. Walikuwa ndio peke yao waliosema kweli, na aliwaweka pembeni.

Akapiga magoti akachovya kidole. Labda ni ute. Alimwomba Mungu uwe ute. Kwenye ncha ya kidole zikabaki chembe ndogo za duara, nyepesi, za rangi ya chungwa, na hazikuhitaji hadubini. Kwa hiyo baharini walikuwa hawajazaa mwaka jana mwezi huo, na ndiyo maana wavu ulikuwa mtupu. Na mwaka huu pia walikuwa hawajazaa. Walikuwa chini ya chelezo hili wamejaa, wanangoja, mpaka walipookotwa. Jambo moja lilikuwa limekaa sawa na mengine yote yakazidi kupinda.

"Maji haya yamekuwa mazito," alisema Shemeji, akipanda chelezo na kushika mpini wa beseni. "Ngoja niyamwage, tuweke mengine."

Hapo Rula alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Tusimpambe. Aliiona nafasi hiyo na aliipima, maana kupima ndiyo kazi yake. Hakuna ambaye angejua. Viluwiluwi wangetokea wiki zijazo, na ingesemekana wameletwa na mkondo. Mkuu wa maabara angeapa kwa hilo. Ripoti ingebaki ripoti. Dada angebaki akisema mdogo wangu ni mtafiti. Lakini mficha uchi hazai, na kamba zilikuwa pale, karibu kiasi cha kuguswa.

"Shemeji, usimwage!"

Alipiga kelele ya kutisha hata Shemeji akaachia mpini.

"Kuna nini?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Hawako tupu." "Hayo meupe ni mbegu na mayai. Wanazaa sasa hivi, humo. Tumewatia joto."

"Lakini ulisema wameshamaliza."

"Nilisema."

"Ulisema umewapima."

"Niliwapima wakiwa wameshamwaga kwenye ndoo yangu, dada. Mimi ndiye niliyewazalisha. Sikujua. Nilidhani maji yamechafuka." Akasikia aibu ikimpanda shingoni hadi masikioni. "Ni kosa langu. Lote."

Dada Mkubwa alitazama beseni, akamtazama mumewe. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla na hajui yuko chumba gani.

"Ya jana tuliyamwaga wapi?" alimuuliza mumewe.

Shemeji alitazama upande wa kamba.

"Na ya juzi?"

"Hapohapo," alisema Shemeji kwa sauti ndogo. "Ndiyo karibu. Beseni ni zito."

"Yalikuwa meupe hivi?" aliuliza Rula.

"Meupe hivihivi. Tulidhani ni uchafu."

"Hata mimi," alisema Rula, na kwa sekunde moja wote watatu walikaribia kucheka, kisha hakuna aliyecheka.

Wiki nzima, basi. Kila beseni lililojaa lilimwagwa katikati ya kamba, juu ya chaza wadogo kama kucha. Dada Mkubwa aliketi kwenye ubao, miguu majini, akawa anafungua na kufunga kilemba chake. Rula alichuchumaa kando yake. Alitaka kumshika mkono akaogopa.

"Hawatui mara moja," alisema haraka. "Dada, sikiliza. Viluwiluwi wanaelea kwanza, wiki kadhaa, ndipo wanatafuta pa kukaa. Kamba zikihamishwa kabla, wakija hawazikuti. Kuna muda."

"Tuzihamishie wapi?"

Palikuwa na pande mbili tu. Nje ya rasi, kwenye maji mengi, au ndani ya hori, pale bahari inapoingia nchi kavu, kwenye maji yaliyotulia. Mmoja ungekuwa mbali na viluwiluwi na mwingine ungekuwa ndiko wanakoelekea wote. Rula alifikiria mkondo ule ambao mkuu wa maabara alikuwa akiutaja kila siku. Hakuna aliyewahi kuona ulichochukua wala ulikokipeleka, maana kwenye wavu hapakuwahi kuwa na kitu cha kufuata.

"Nadhani nje ya rasi," alianza. "Kwa sababu maji yakikupwa—"

"Unadhani, au una hakika?"

Dada Mkubwa aliuliza kwa upole, bila kejeli, kama alivyouliza jikoni. Rula alifungua mdomo.

"Basi nyamaza, mdogo wangu," alisema Dada Mkubwa. Akamshika bega, akaliminya kidogo, akaliachia. "Leo nitachagua mwenyewe."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Macho yalimwasha Rula kwa kitu kisichokuwa chumvi. Dada yake alisimama ukingoni mwa chelezo akitazama upande wa rasi, kisha upande wa hori, kisha tena rasi. Ilikuwa wazi kwamba naye hajui, na kwamba hatauliza.

"Hori," alisema mwishoni.

Rula hakujua kama ni sawa au ndiyo maangamizi. Shemeji aliingia majini kufungua ncha za kamba, hana mzaha hata mmoja. Dada Mkubwa akamnyooshea mdogo wake kamba ya kwanza, nzito, imejaa chaza waliofunga midomo, na Rula akaipokea akaanza kuivuta kuelekea kule alikoambiwa.